Namna ya Kusoma Ramani ya Zamani ya Nyanda za Juu za Ngorongoro

Ukibahatika kupata hapa Mwanza ramani ya zamani ya topografia ya nyanda za juu za Ngorongoro, yenye skeli ya 1:50,000, itandaze mezani na uanzie pambizoni. Hapo tafuta mwaka wa picha za anga zilizotumika, kwa kuwa huo ndio umri halisi wa ramani kuliko mwaka wa uchapishaji, kisha angalia kama miinuko imeandikwa kwa futi au kwa mita. Futi moja ni mita 0.3048. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134, yaani futi 3,720 hivi. Kwa hiyo kontua (mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) ya futi 7,500 kwenye ukingo wa kasoko (shimo la volkeno) ya Ngorongoro iko zaidi ya kilomita moja juu ya mwalo wa Kirumba.

Katika nchi ya volkeno, fuata tarakimu za kontua kabla ya kuamini umbo, maana kilima na shimo vyote huchorwa kwa duara. Tarakimu zikipanda kuelekea katikati, huo ni mlima. Zikishuka, hiyo ni kasoko. Kasoko ya Empakaai huonyesha yote mawili: kontua hupanda hadi ukingoni, halafu huporomoka zikiwa zimebanana hadi kwenye ziwa lililo ndani. Vijito navyo ni ushahidi, kwani kwenye koni hutawanyika pande zote, ilhali ndani ya kasoko hukusanyika.

Umbo la ardhi kwa kawaida hudumu. Kazi za watu hazidumu. Maboma ya wafugaji huhama, na njia ya gari iliyochorwa huenda leo ni kichaka. Hata hivyo mlima wa volkeno wa Ol Doinyo Lengai hauingii katika kanuni hiyo, kwa sababu mlipuko wa 2007 hadi 2008 uliibadilisha kabisa kasoko ya kileleni.

Mwisho, usihamishe majiranukta (namba zinazoonyesha mahali) ya ramani moja kwa moja kwenye simu. Karatasi hizi hutumia mfumo wa marejeo wa Arc 1960, yaani msingi ambao majiranukta hupimwa kutoka kwake, na simu hutumia mwingine, WGS 84. Tofauti ni karibu mita 300, ambazo ukingoni mwa kasoko si za kupuuzwa. Chagua Arc 1960 katika programu, kanda ya UTM (mfumo wa gridi ya ramani) ya 36 kusini, ambayo ndiyo ya Mwanza pia, hivyo unaweza kujaribu kwanza kwa karatasi ya mji huu ukiwa gatini Kamanga.