Kuifanya meza moja ndogo ya useremala itoshe kupigia randa, kukatia na kuungia

Karakana yenye nafasi ya meza moja tu humlazimisha seremala achague: ama awe na meza ya kupigia randa, ama ya kukatia ndimi za viungo (ncha za ubao zinazochomekwa ndani ya ubao mwingine), ama ya kuungia kazi kwa gundi. Wiki iliyopita nilimsaidia mwenzangu kuirekebisha meza yake, yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, ili ifae kwa kazi zote tatu. Nimeona niandike tulivyofanya, hasa hatua ya matundu, ambayo ilinigharimu siku nzima nilipoifanya peke yangu kwa mara ya kwanza. Kanuni yangu ni kwamba hakuna kifaa kinachofungwa juu ya meza kwa kudumu. Kila kitu kiingie tunduni au kibanwe na jiliwa (kifaa cha kubania chenye taya mbili, kilichofungwa ukingoni mwa meza), na kiweze kuondolewa mara moja kazi inapobadilika.

Hatua ya 1: Kimo na uzito

Simama wima huku umelegeza mikono. Uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono. Hicho ndicho kimo cha kupigia randa, na ndicho cha kuchagua, kwa kuwa ni rahisi kuinua kazi ndogo kuliko kuishusha meza. Weka rafu kati ya miguu, uipakie mifuko ya mchanga. Sipendekezi magurudumu chini ya miguu, hata yale yenye breki, kwa sababu meza itatikisika kila unaposukuma randa kwa nguvu.

Hatua ya 2: Uso wa meza

Unyooshe. Unene wa milimita 50 hadi 75 unatosha. Ukiwa mwembamba zaidi, gundisha vipande vya mbao ngumu upande wa chini, pale tu ambapo matundu yatapita.

Hatua ya 3: Matundu

Matundu ndiyo yanayoigeuza meza moja kuwa meza nyingi, na yakitobolewa vibaya hakuna kifaa kitakachofanya kazi sawasawa juu yake. Kabla ya kuchora chochote, lala chini ya meza uangalie mahali ilipo miguu, mbao za fremu na skurubu, kisha uhamishie alama zake juu kwa kipimo. Biti inayokutana na skurubu ndani ya ubao huharibika papo hapo.

Chora mstari wa kwanza ukielekea moja kwa moja kwenye kigingi cha jiliwa, yaani kijiti kinachochomoza juu ya taya lake, sambamba na ukingo wa mbele. Matundu ya mstari huu ni ya kuchomekea kigingi cha pili, ili ubao ubanwe kati ya vigingi hivyo viwili. Umbali kati ya tundu na tundu lazima uwe mdogo kuliko jiliwa linavyoweza kufunguka, la sivyo kutakuwa na urefu wa mbao usioweza kubanika hata kidogo. Mimi hutumia sentimita 10. Mstari wa pili, ulio nyuma, ni wa vibanio, yaani vile vyuma vilivyopindwa ambavyo shina lake hutumbukizwa tunduni na kugongwa kwa nyundo mpaka vikabana. Huko matundu machache yanatosha.

Kipenyo cha milimita 19 au 20 kinafaa, lakini lipime kwanza shina la kibanio chako: linapaswa kuingia kwa ulegevu kidogo, kwa sababu kibanio hushika kwa kulala mshazari ndani ya tundu. Kwa sababu hiyo hiyo, usipake vanishi ndani ya matundu. Kibanio kikiteleza, lisugue shina lake kwa msasa mkali, ukizungusha.

Sasa kutoboa. Usitoboe kwa kukadiria kwa jicho. Mara ya kwanza nilifanya hivyo, na ubao ukawa unanyanyuka upande wa kigingi kila nilipokaza jiliwa. Nililifungua jiliwa na kulifunga upya mara tatu, nikatia kadibodi nyuma ya taya lake, kabla sijachomeka fimbo ya duara tunduni na kuiwekea guniya, kile kipimo cha pembe mraba. Fimbo ilikuwa imeinama milimita 4 katika kimo cha sentimita 10, ikielekea mbali na kazi, na ubao ulikuwa ukiupanda mteremko huo. Kigingi kikiinama kidogo kuielekea kazi hakuna ubaya, kwani huikandamiza chini. Kuinama kinyume chake ndiko kunakoharibu.

Kwa hiyo, toboa kwanza kipande cha mbao ngumu chenye unene wa sentimita 7 kwa drili ya kusimama, ukibane juu ya alama kwa klampu mbili, kisha upitishe biti ndani yake. Asiye na drili hiyo aunge vipande viwili vilivyonyooshwa kwa pembe mraba, avisimamishe karibu na alama, na aiegemeze biti kwenye kona yake. Napendelea biti ya msokoto yenye skurubu nchani, kwa mwendo wa polepole, kuliko biti bapa, ambayo hupotea njia ikikuta nyuzi ngumu. Itoe mara kwa mara ili kuondoa unga. Ncha ikichungulia upande wa chini, acha, umalizie kutoka huko ili ubao usipasuke.

Toboa tundu moja tu, ulipime kwa fimbo na guniya pande mbili, ndipo uendelee. Tundu lililopinda lizibe kwa kigingi cha mti huo huo kilichopakwa gundi, ungoje siku moja, utoboe upya.

Hatua ya 4: Vifaa vya kuchomeka

Chonga vigingi vya mbao, kwa sababu randa ikigusa kigingi cha chuma ubapa hupata pengo. Kwa kukatia ndimi, tengeneza kimeza cha kimo cha sentimita 15, ukishike kwa vibanio viwili. Mgongo wako utaona tofauti siku hiyo hiyo. Rauta, yaani mashine ya kuchongea mifereji na kingo, ifungwe chini ya kipande cha plaiwudi chenye ubao wa kubanwa na jiliwa.

Hatua ya 5: Kuungia kwa gundi

Tandika plaiwudi ya milimita 6 iliyopakwa nta, yenye vigingi viwili vifupi chini yake vinavyoingia matunduni ili isiteleze. Gundi iliyoganda juu yake huondoka kwa patasi kuukuu. Paka nta upya kabla ya kazi inayofuata.