Umepangiwa chuo cha kanisa huku Usa River au Moshi? Anza hivi

Mdogo wangu anaingia chuo, na tangu majibu ya udahili yatoke swali lake kwenye simu ni lile lile: "Dada, nikifika nianze na nini?" Namjibu yeye, lakini nimeona niandike ili nanyi wengine mnaokuja huku mpate. Ukanda huu una vyuo vya namna hii kadhaa: Usa River kuna Tumaini Makumira cha Walutheri na Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista, na Moshi kuna Mwenge cha Wakatoliki. Mimi nilisomea ualimu kwenye chuo kidogo cha kanisa, sasa nafundisha sekondari hapa Moshi.

Jua mapema kwamba chuo kidogo hakina pa kujificha. Darasa letu lilikuwa na watu 43. Wiki ya tatu wahadhiri walishatujua kwa majina, na ukikosa kipindi unaulizwa ulikuwa wapi. Wapo wanaoudhika, wanaona wamerudishwa sekondari. Mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa ya ada unayolipa, kwa hiyo itumie.

Testi yangu ya kwanza ya takwimu nilipata 4 kati ya 15. Niliikunja ile karatasi mara nne nikaificha ndani ya Biblia. Wiki nzima nikawa nakaa viti vya nyuma na kumkwepa mhadhiri, mpaka akanikuta kwenye foleni ya chai ya saa nne. Akaniambia tu, "Saa tisa njoo ofisini, na karatasi yako uje nayo." Nilikwenda natetemeka. Alichukua penseli, tukapitia swali la pili mstari kwa mstari. Kumbe fomula nilikuwa naijua. Kiingereza ndicho kilichoniangusha: pale swali liliposema "isiyopungua" mimi nilielewa "isiyozidi", na hesabu yote ikaenda kombo. Dakika 20 zilitosha. Testi ya pili nikapata 12.

Kwa hiyo ukirudishiwa karatasi, usipitishe siku mbili hujamwona mhadhiri. Usiende mikono mitupu. Zungushia kalamu pale ulipokwama, piga hodi, "Shikamoo Dokta", kisha mwonyeshe mahali penyewe. Ukimwambia "sijaelewa topiki yote" atakurudisha kwenye noti. Ukimwambia "nimekwama kwenye mstari huu" atakusaidia hapo hapo.

Chuoni kwetu kosiweki, yaani testi na kazi za muhula, ilibeba alama 40, mtihani wa mwisho 60. GPA, yaani wastani wa alama zako zote, inahesabiwa kati ya 5: daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5. Mwaka wa kwanza unahesabiwa kama mwaka wa mwisho, usidanganywe kwamba ni wa kuzoea mazingira. Na sapu, yaani mtihani wa kurudia somo ulilofeli, ukiifaulu hata kwa 80 inaandikwa C.

Nunua faili la shilingi chache utunze kila karatasi iliyosahihishwa. Muhula wa pili alama zangu za testi moja hazikuonekana kwenye orodha iliyobandikwa ubaoni. Nilitoa karatasi yangu, zikaingizwa siku hiyo hiyo. Mwenzangu alikuwa ameshaitupa ya kwake, na aliumia sana.

Kuhusu maisha ya ibada: jiunge na kundi moja, moja tu. Mimi nilichagua kwaya, na marafiki niliokuwa nikifanya nao diskasheni usiku walitoka humo humo. Lakini kwaya ya chuo inaalikwa kila mahali, leo harusi, kesho kipaimara, na Jumamosi zinaisha hujafungua daftari. Wiki tatu kabla ya mtihani nilimwomba ruhusa mwalimu wa kwaya, ana kwa ana. Alinikubalia bila neno. Ukipotea kimya kimya ndipo watu wanaposema umepoa kiroho.

Na usidhani wote ni wa dhehebu lako. Mwenzangu wa chumba alikuwa Mwislamu kutoka Kondoa. Wiki ya kwanza tulikaa chini tukaelewana: yeye anaamka alfajiri kuswali, mimi nafanya mazoezi ya sauti nje, taa inazimwa saa sita. Ramadhani tulifuturu pamoja, uji wenye pilipili manga na mihogo ya nazi aliyoipika kwa shangazi yake mjini. Hadi leo ananiita dada.

Boom, yaani hela ya kujikimu ya wenye mkopo wa serikali, likitoka, kumbuka ni shilingi 10,000 kwa siku. Zikija za siku 60 unajikuta na 600,000 mkononi na unajiona tajiri. Siku hiyo hiyo toa hela ya chakula ya siku 30 za mwisho uiweke mbali na simu yako. Chipsi mayai kila jioni ndizo zilizowamaliza wenzetu wengi.

Jumatano au Jumamosi shukeni Tengeru sokoni wawili wawili, mnunue ndizi, maharage na parachichi mchangie kupika. Pitieni na kwenye mitumba, maana Juni na Julai baridi ya huku si ya mchezo. Sweta zito la kijani nililochagua pale mwaka wa kwanza bado halijatoboka. Nimeshalitia kwenye begi la mdogo wangu.