Minji ya jaribio la kuota, usichukue ile mbichi ya sokoni

Kama mtoto ameambiwa alete mbegu za minji shule, wazazi wa huku Nakuru msimpe zile za kijani zimetolewa kwa maganda, hizo bado changa na nyingi zitaoza tu kwa pamba. Tafuta kavu na nzima, zile zimepasuliwa mara mbili haziwezi ota hata uzibembeleze. Za agroveti ziko poa ila zikiwa zimepakwa rangi hiyo kawaida ni dawa, kwa hivyo mtoto anawe mikono na asionje.

Loweka usiku mmoja, asubuhi mwaga maji. Sasa hapa ndio shida huanza, watoto wanajaza maji kwa kopo mpaka mbegu zinazama kabisa na mbegu inapumua jameni, inataka oksijeni! Pamba iwe na unyevu tu. Halafu kila kopo liwe na mbegu kama 10 hivi, hata lile la kuwekwa kwa friji kuona kama baridi huzuia kuota. Ukiweka moja na ikatae utajuaje kama ni ile baridi ya friji ama ilikuwa mbovu tangu mwanzo?

Watu wa Kisumu tafuteni kona yenye kaubaridi, minji hupenda nyuzi 15 hadi 20 hivi, ndio inakubali sana huko juu Molo.

Na asikopi picha ya maharagwe kwa kitabu. Maharagwe hutoka kwa udongo yakibeba vile vipande viwili vya mbegu juu, minji huviacha chini, na mwalimu akiangalia mchoro ataona mara moja.