Kuhudhurisha moyo baada ya Alfajiri, hata kwa robo saa tu

Wifi yangu yuko kwangu hapa Bagamoyo tangu Mfunguo Mosi. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Wifi, nikishatoa salamu, akili iko sokoni." Naandika vile nilivyomwelekeza kuleta zikri, yaani kumtaja Mungu, baada ya swala moyo ukiwepo.

Hatua ya 1. Swali Alfajiri, kisha baki kwenye mswala.

Hatua ya 2. Simu iache chumba kingine. Hesabu zikri kwa vidole vya mkono wa kulia. Tasbihi si vibaya, ila programu za kuhesabia sizitaki kabisa: kidole kinabonyeza, moyo haupo. Mtume (s.a.w.) aliwaagiza wanawake wahesabu kwa vidole, kwani vitaulizwa na vitatamkishwa.

Hatua ya 3. Subhanallah 33, Alhamdulillahi 33, Allahu Akbar 33, polepole.

Hapa nilipotea mwaka mzima. Kila akili ilipotoka, nilianza upya. Nafika 12, nakumbuka ada ya mtoto, narudi moja. Nafika 20, unga umekwisha, narudi moja. Jua linachomoza nimechoka na nimeudhika, siku nyingine naacha kabisa. Bibi aliyenisomesha akaniuliza, "Nani kakuamuru uanze upya?" Basi ukigundua umetoka, sema Astaghfirullah mara moja, endelea ulipoishia. Umesahau ulipoishia? Shika namba ndogo, ile yenye yakini.

Ila angalia kinachokutoa. Kama ni usingizi, inuka ukatie udhu upya. Kama ni deni au mgonjwa, usilisukume jambo hilo. Liombee dua kwa kulitaja, ndipo urudi. Mtoto akilia, nenda. Ihsani ni kumwabudu Mungu kama unamwona, na usipomwona, Yeye anakuona. Anakuona pia ukimbembeleza mtoto. Ukiwa hedhini huswali, lakini zikri haikukatazwa: kaa palepale, saa ileile. Wifi alikuwa akikatiza siku saba kila mwezi, na kuanza tena kukawa kunamshinda.

Usijipime kwa zikri ya halaiki. Hapa kwetu tumelelewa na zikri ya Kadiria, tarika ya kisufi aliyoieneza Sheikh Yahya bin Abdallah, yaani Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931. Naipenda mno. Lakini kule sauti za wenzio zinakubeba. Kwenye mswala uko peke yako, na moyo utakuwa mzito zaidi.

Hatua ya 4. Chagua kazi moja ya mchana. Yangu ni kukuna nazi. Zima redio, kaa juu ya mbuzi, sikiliza meno yanavyokwaruza, tazama nazi inavyodondoka nyeupe kwenye sinia, na kila mzunguko sema Subhanallah kimoyomoyo. Ukiona chembe za kahawia, umeshafika kwenye kifuu na akili iliondoka zamani. Astaghfirullah, geuza nazi, endelea.

Wifi ameanza na nazi moja. Ya pili bado anakuna huku tukizungumza, na simkatazi.