Nyanya za uani zinataka maji ya kipimo

Ukikuta nyanya ya uani ina doa jeusi kitakoni, limebonyea na kukakamaa kama ngozi kavu, usikimbilie duka la pembejeo. Hapo hakuna mdudu wala ukungu. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo udongoni. Kilichopungua ni maji ya kuipandisha. Ulimwagilia Jumatatu mpaka pakatota, ukashikwa na shughuli, ukarudi Ijumaa udongo umeshapasuka. Maji ya ghafla baada ya kiu hiyo ndiyo pia yanayopasua nyanya zilizokaribia kuiva.

Naanza na maji kwa sababu katika bustani za nyumbani ninazopita hapa Morogoro, samadi ipo na mbegu ni nzuri, lakini kopo la maji linaharibu kazi yote. Watu humwagia jioni, tena kutoka juu, wakiamini wanauburudisha mche. Jani likilala na maji, bakajani, ugonjwa wa ukungu, limekaribishwa. Mwagilia asubuhi, shinani. Chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili: ukikuta pakavu, mpe maji, ukikuta unyevu, mwache. Mche wenye matunda, siku ya jua kali, unaweza kumaliza lita moja hadi mbili. Kisha tandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Matandazo hayo yanatunza unyevu na kuzuia mvua isirushie majani udongo wenye vimelea.

Kwa uani mdogo napenda aina ya Tanya: ni fupi, na tunda lake lina ganda gumu. Moneymaker hurefuka, kwa hiyo isimikie miti mapema na uondoe machipukizi ya kwapani yangali madogo. Miche ikae kitaluni wiki 3 hadi 4, ihamishwe jioni, sentimita 60 kati ya shina na shina, samadi iliyooza vizuri ikiwa imechanganywa kwenye shimo. Fukia shina mpaka karibu na majani ya chini, kwa kuwa sehemu iliyofukiwa nayo itatoa mizizi. Usipande palipotoka bilinganya, pilipili, nyanya chungu au mnavu.

Mche ukinyauka ghafla ungali wa kijani, na udongo una maji, kata kipande cha shina karibu na ardhi ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Tulia dakika chache, uangalie. Vikitiririka vinyuzi vyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa, na anayekuuzia dawa yake anakula fedha yako bure. Ng'oa mche na mizizi yake, uuchome, na mahali hapo panda mahindi.

Kantangaze, nondo mharibifu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, utamjua kwa mabaka angavu kwenye jani, funza akiwa ndani. Kwa mashina kumi au ishirini mikono inatosha: chuma majani hayo kila siku, yafunge kwenye mfuko na uuache juani. Ukilazimika kupiga dawa, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzihesabu kweli, maana hizi nyanya wanakula watoto wako.

Kuvuna huanza takriban siku 70 hadi 90 baada ya kuhamisha miche, kutegemea aina na baridi ya mahali. Huna haja ya kungoja wekundu mtupu huku ndege wanakutangulia. Kitako kikianza tu kupata rangi ya waridi, chuma asubuhi umande ukishakauka, kwa kuvunja kwenye kifundo cha kikonyo. Zipange safu moja kivulini, ndani ya nyumba. Ukizitaka haraka, ziweke pamoja na ndizi mbivu. Kwenye friji usiziingize kabla hazijaiva, kwani baridi hiyo inaua ladha na hazitaiva sawasawa tena.