Kabla hujapanda tuta la mchanga, toa upepo

Ndugu zangu mlioko Oman, mnaokwenda kuchezea gari kwenye mchanga wa Wahiba siku za mapumziko: mkifika Bidiya, mji ulio ukingoni mwa jangwa hilo, simameni kwanza mtoe upepo. Kama tairi ziko psi 35 (kipimo cha upepo), zishusheni hadi 18 hivi, zote nne. Tairi iliyolegea hutanuka, ikaukanyaga mchanga badala ya kuuchimba. Wengi wanaonasa kosa lao ni hilo tu, wala si udogo wa injini.

Tuta lipande moja kwa moja, usilikate kwa ubavu. Nguvu zikikuishia katikati, usithubutu kugeuza. Gari likikaa ubavu kwenye mteremko hubingirika. Weka rivasi, nyoosha usukani, rudi kwa alama zako mwenyewe. Ukikaribia kileleni punguza mwendo, maana upande wa pili huenda ni genge, au kuna mwenzio anapanda.

Ukitaka kusimama, ondoa tu mguu kwenye mafuta. Breki hurundika mchanga mbele ya tairi, na hapo koleo litakuhusu. Gari likianza kuzama acha kukanyaga mafuta! Kila mzunguko unakuchimbia shimo. Shuka, fukua mbele ya tairi, punguza upepo kidogo tena, ndipo ujaribu polepole.

Mkirudi kwenye lami jazeni upepo kabla ya kukimbia, kwani tairi laini hupata joto kali ikapasuka. Pampu ndogo ya kuunga kwenye betri inatosha. Na msiende gari moja peke yake.