Bata wadogo wanaopinda miguu, cheki niasini kwanza

Kama unawalisha vifaranga wa bata stata ya kuku (chakula cha kuanzia cha vifaranga), changanya chachu ya bia ya unga, kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe cha chakula chao, kila siku mpaka wiki ya 8 hivi. Sababu ni niasini (vitamini B3), kifaranga wa bata anataka kama mg 55 kwa kilo ya chakula wakati stata nyingi zimepigiwa hesabu ya kuku ambaye mg 35 hivi zinamtosha, na niasini ya kwenye mahindi imejifunga, tumbo la bata haliipati vizuri. Lowesha chakula kidogo ndo unga ushike, la sivyo unabaki chini ya chombo, wangu walikuwa wananiachia wote hapo mpaka nikashtuka. Na sio hamira hai ya mikate jamani, hiyo inaweza kuchachuka tumboni. Ukiona anakaa kaa ovyo, goti limevimba, anza siku hiyohiyo. Ila kano (mshipa unaoshika misuli kwenye mfupa) ikishateguka kwenye goti au mfupa umeshapinda kabisa chachu hainyooshi, na kama wanateleza kwenye sakafu laini tatizo ni sakafu.